Wanaokula Sinia Moja

Kinusa kilisema Nasri amebusiwa na baba yake asubuhi ile. Siku zote Bahiya alingoja neno lake la mwisho tu, safi, lakini leo alisikiliza yote. Alikiuliza tena, maana mashine nazo zina siku zake, na kinusa kikarudia kwa sauti yake ya upole ambayo siku zote ilimfanya atamani kukizaba kofi.

"Mama, pumzi tu, jana jioni. Baba, leo saa nne asubuhi. Hakuna mgeni. Mtoto yuko safi."

Khelef, baba yake Nasri, alikuwa kilomita mia nne juu ya paa la nyumba ile, kwenye kituo cha angani, akitengeneza vioo vinavyokusanya jua na kuuletea mji umeme. Alipanda huko kabla mwanawe hajaota jino la kwanza, na chombo cha kumrudisha hakikutarajiwa mpaka masika. Mtu wa namna hiyo hambusu mtu.

Bahiya alitazama ndani ya kitalu. Kilikuwa chumba cha kioo kilichomeza nusu ya sebule yake, kama vitalu vilivyomeza nusu ya sebule ya kila mwenye mtoto mchanga katika mtaa wa Vioo. Nasri alikuwa amelala humo, miezi tisa, mnono, juu ya godoro linalojisafisha lenyewe, na mkono wa mlezi ulikuwa ukimbembeleza. Mkono huo ulikuwa wa mpira laini, unatoka ukutani. Bahiya alivaa glovu na barakoa, akaingia, akampitishia kijiti kipya cha pamba mdomoni, akakitia kwenye tundu la kinusa. Baba, leo saa nne asubuhi.

Angekuwa mama mwingine angempigia simu fundi. Lakini yeye ni msomaji wa Idara ya Vitalu. Kazi yake mchana kutwa ni kusoma ramani za midomo na matumbo ya watoto wa mji mzima. Alijua kwamba kila mdomo una koo zake za vijidudu, kama watu walivyo na koo zao, na kwamba mtu akimbusu mtoto huacha alama yake pale, alama inayofifia kadiri saa zinavyopita. Watoto wa Vioo hupewa mbegu, yaani kijiko cha vijidudu vilivyochaguliwa na Idara, na juu ya mbegu huruhusiwa alama mbili tu, ya mama na ya baba. Ya tatu ni mgeni. Mgeni akionekana, Idara huleta Ufagio, dawa inayofagia kila kilicho hai tumboni mwa mtoto, kizuri na kibaya, ili aanze upya. Bahiya ameidhinisha Ufagio kwa watoto wa watu mara nyingi, na usingizi wake haukupungua hata kidogo.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kipuuzi, kwamba Khelef ameteremka kwa siri na ana mwanamke mjini. Aliliamini kwa muda wa kumenya kitunguu kimoja. Kisha akanawa mikono, akampigia.

Khelef alitokea kwenye skrini akiwa anaelea kichwa chini, nywele zimesimama, anatafuna kitu. Aliposikia habari alicheka, akasema kinusa kimeharibika. Bahiya hakucheka. Alimweleza polepole, kama anavyowaeleza wazazi wanaokuja Idarani kubisha, kwamba kinusa hakimjui mtu kwa sura wala kwa damu. Kinamjua kwa vijidudu vya kinywa, na watu wawili wakila pamoja miaka na miaka, vinywa vyao hufanana.

"Nani mwingine ana mdomo wako, Khelef?"

Mumewe aliacha kutafuna. Akaanza kutazama pembeni, kama mtu anayetafuta kijiko kilichoelea.

Hakuhitaji kujibu. Tangu wana meno ya utoto, Khelef na dada yake Raya wamekula sinia moja. Mchuzi mmoja, vidole vitano vya huyu na vitano vya yule, na kipande cha nyama akikiuma mmoja humwachia mwenziwe nusu. Hata alipooa, hata alipohamia Vioo, kila Ijumaa alishuka Bondeni kwa dada yake kula, na alirudi mikono ikinukia bizari. Waliotengeneza kinusa walikuwa watu wa nchi ambako kila mtu ana sahani yake. Haikuwapitikia kwamba watu wazima wawili wanaweza kuwa na mdomo mmoja.

"Raya ana ufunguo wa nyumba yangu?"

"Nyumba yetu," alisema Khelef. "Nilimwachia mie. Umeme ukikatika na wewe uko kazini, nani atamfungulia mtoto?"

Bahiya alizima skrini wakati mumewe bado anasema jina lake.

*

Kulikuwa na sababu ya kutomtaka Raya karibu na mwanawe, na haikuwa ile ya kawaida ya mawifi. Kabla ya Nasri palikuwa na Salha. Wakati huo Bahiya na Khelef walikaa Bondeni, kule kusiko na vioo, ambako mbuzi huingia ukumbini na watoto hutambaa walipopita mbuzi. Siku ya mtihani wake wa kuingia Idara, Bahiya alimwacha Salha kwa wifi yake toka asubuhi mpaka jioni. Aliporudi mtoto anaharisha. Wakamzika keshokutwa yake, akiwa mwepesi kiasi kwamba Khelef alimbeba kwa mkono mmoja. Bahiya alifaulu mtihani, akahama, akaweka kioo baina yake na udongo, na hakukanyaga tena ua wa Raya.

Kesho yake alivaa sare ya kazi, akatoka kwa mlango wa mbele, akazunguka na kurudi kwa mlango wa jikoni. Akakaa juu ya ndoo, nyuma ya pazia, bila hata kujipikia chai.

Raya aliingia jua likiwa limepanda. Mwanawe Ilham alikuwa amefungwa mgongoni kwa kanga, na miguu yake mwenyewe ilikuwa na vumbi mpaka kwenye vifundo. Aliweka bakuli la mayai mezani kwa utulivu wa mtu aliyezoea nyumba. Kisha akainama penye mlango wa kitalu, pale wazazi wanapopumua ili watambuliwe, akapuliza.

"Karibu, Baba Nasri," mlango ukasema, ukafunguka.

Ingekuwa nyumba ya mtu mwingine, Bahiya angecheka mpaka mbavu zimuume. Lakini alimwona Nasri akiamka. Mtoto yule, ambaye yeye humshika kwa glovu na kumsemesha nyuma ya barakoa, alinyoosha mikono yote miwili na kucheka kwa sauti ambayo mama yake hajawahi kuisikia. Raya aliketi sakafuni. Ilham akashushwa, akatambaa moja kwa moja mpaka kwa binamu yake, akamchomoa mpira wa kunyonya mdomoni, akaunyonya yeye, akaurudisha. Raya akafungua kifua na kumpakata Nasri. Maziwa ya Bahiya mwenyewe yalikatika mapema. Idara haikumkataza kunyonyesha, lakini kifua kilichofungwa ndani ya vazi la kitalu hakikuona sababu ya kuendelea. Wivu ulimfika kabla hata ya hasira.

Alipita pazia akaingia kitaluni na viatu vyake vya nje.

"Mtoe mwanangu kwenye ziwa lako."

Raya aliinua macho. Kama alishtuka, alishtuka ndani kwa ndani. "Akimaliza," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu Khelef apande huko juu. Nilileta mayai nikamkuta analia, na hilo dude linamtikisa kama chupa ya dawa. Nikasogeza mdomo hapo mlangoni kumwita, mlango ukafunguka. Ulitaka nifanyeje, niufunge?"

"Ndiyo. Ungeufunga."

"Mie si mkono wa mpira, wifi."

"Usiniite wifi. Mmoja ulishaniulia, sasa umemfuata wa pili."

Hapo Raya alimtoa mtoto kifuani, taratibu, akamlaza. Akajifunika. Alipozungumza sauti yake ilikuwa chini, na Bahiya alitamani angepiga kelele, maana kelele angejua kuzijibu.

"Maji niliyompa Salha niliyachemsha. Nilikwambia maiti ikiwa mbele yetu, nakwambia leo. Yule mtoto aliletwa kwangu asubuhi ana joto mwilini, nawe ulilihisi joto lile, ukasema ni meno, kwa sababu gari la kwenda mtihani lilikuwa linakungoja."

"Toka."

"Natoka. Lakini ujue amenyonya. Huyu na Ilham sasa ni ndugu, na mie ni mama yake kwa sheria ya Mungu, upende usipende. Ufagio wenu utafagia vidudu. Ziwa hauliwezi." Alikuwa ameshamfunga Ilham mgongoni. "Na usidhani ni wewe tu uliyechafuliwa. Vidudu vyenu vya kiwandani vimemwingia mwanangu, na nalala nikiviwaza. Wangapi wa watu umewafagia, Bahiya? Sasa imefika zamu yako."

Ufunguo aliutupa sakafuni, katikati ya kitalu, ukadunda mara mbili. Nasri aliangua kilio, na hakuwa akimtazama mama yake alipolia.

*

Katika chumba cha wasomaji hakuna mtu anayeuliza kwa nini umeketi kwenye mashine kubwa, ilimradi umeketi kimya. Bahiya alipitisha vijiti vya mwanawe, cha mdomo na cha choo, akaifungua ramani nzima.

Ilikuwa ramani ya mtoto wa Bondeni. Mbegu za Idara zilikuwepo, zimejikunyata pembeni kama wageni waliokuta harusi imejaa. Kila mahali palikuwa na Raya: koo za kinywa chake, koo za ngozi yake, koo za mbuzi wake. Bahiya alizipitia moja moja, na alipofika chini ya ramani akamkuta yule ambaye wasomaji humwita mkatamaji, kwa sababu humkausha mtoto maji yote ya mwilini. Alimjua vizuri mno. Ndiye aliyesomwa kwenye choo cha Salha.

Mkatamaji alikuwa amelala. Aligusa skrini, akakuza, akaona sababu. Pembeni yake palikuwa na walinzi, chembe zinazotoka kwenye maziwa ya mwanamke aliyewahi kuugua ugonjwa huo na kuushinda, zimemzingira pande zote. Aliwahi kuona picha ya namna hiyo kwa watoto wa Bondeni wasiofikia kuachishwa ziwa. Mtoto huishi na mkatamaji huku akilindwa na maziwa, na kidogo kidogo tumbo lake hujifunza kuunda walinzi wake mwenyewe. Walinzi wa Nasri walikuwa ndiyo kwanza wanachipua, wachache na wadogo. Maziwa ya Raya yakikatwa sasa, mkatamaji anaweza kuamka.

Basi Ufagio ungefaa, na hapo ndipo alipokwama. Nasri alipokuwa na miezi mitano alionjeshwa uji wa karanga, akavimba uso mpaka macho yakapotea, pumzi ikawa inapita kwenye koo lake kwa mluzi. Huo ni ugonjwa wa vioo. Mwili usio na wa kupigana naye hujipiga wenyewe, hupigana na karanga, na yai, na vumbi la unga. Baadaye alionjeshwa tena karanga, na yai, na hakuvimba, na Bahiya akaishukuru sharubati ya dawa ya Idara kwa moyo wake wote. Sasa aliziweka tarehe kando ya tarehe. Uvimbe ulikoma baada ya Raya kuanza kupuliza mlangoni. Na alimkumbuka binti wa mtaa wa pili, aliyekuwa na uvimbe kama huo, akafagiwa kwa idhini ya Bahiya mwenyewe kwa sababu ya alama ya mfanyakazi wa ndani. Aliporudi kula yai alivimba, na safari ile pumzi haikupita kabisa. Idarani walisema ni bahati mbaya, naye aliitikia.

Mkuu wa wasomaji, Bwana Machano, alisimama nyuma yake. Alikuwa mtu wa kunawa mikono kabla ya kunawa mikono. Bahiya aliifunga ramani kwa wakati. Bwana Machano alimkumbusha kwamba usomaji mkuu ni mwishoni mwa mwezi, na kwamba watoto wa wafanyakazi watasomwa kwanza ili mji upate mfano. Akauliza hali ya Khelef. Bahiya akasema hajambo, akauliza kama alama yake itahesabiwa.

"Aliye angani hana mdomo," alisema Bwana Machano, akacheka peke yake. "Tunalinganisha na mama tu. Kilichopo kwa mama ni cha nyumbani, hatukiulizi. Kisichopo kwake ni cha mgeni. Wewe ndiye uliyewafundisha wenzako kanuni hii."

Ni kweli, aliwafundisha. Jioni alipita stoo akachukua chupa ya Ufagio, ndogo, ya kijani, inayoingia kiganjani. Wafanyakazi huruhusiwa kuwafagia watoto wao nyumbani, kuepusha aibu.

*

Siku mbili chupa ilikaa juu ya friji. Siku mbili Nasri aligeuza uso mbele ya chupa ya maziwa ya Idara, akalia, akalala kwa uchovu, akaamka akatazama mlango. Ilipokaribia saa nne asubuhi alikuwa akitulia na kusikiliza. Bahiya, aliyeomba ruhusa kazini, aliliona hilo akachukia kila mtu katika ukoo wa mumewe, waliokufa na walio hai.

Siku ya tatu asubuhi alimfungua nepi, na harufu ikamwambia kabla macho hayajaona. Choo kilikuwa laini, cha rangi ya maji ya mchele. Aliketi palepale sakafuni. Alikuwa ameisahau harufu ile, au alidhani ameisahau.

Alichukua chupa ya kijani, akaivunja lakiri. Matone machache tu kwenye ulimi, na kesho hakutakuwa na mkatamaji, wala Raya, wala alama ya sinia la mtu yeyote. Mwanawe angekuwa wake peke yake, mweupe kama siku aliyotiwa kitaluni. Alitaka hivyo. Alitaka kwa nguvu iliyomtisha, akagundua kwamba katika kutaka kule Nasri alikuwa na sehemu ndogo sana. Sehemu kubwa ilikuwa ya Raya. Angefurahi kumfagia Raya hata kama mtoto hana kitu.

Aliutazama mdomo wa mwanawe, umekauka pembeni. Akawaza mluzi ule wa pumzi, na binti wa mtaa wa pili. Akawaza ziwa la mwanamke anayemchukia kuliko viumbe wote. Chuki yake ilikuwa upande wa chupa, na alichokisoma kwa macho yake kilikuwa upande wa Bondeni. Alikaa baina ya viwili hivyo mpaka mtoto akalia tena, kilio kidogo, kisicho na nguvu.

Aliimimina dawa kwenye sinki. Akavua glovu, akavua barakoa, akamwinua Nasri kwa mikono mitupu, ngozi kwa ngozi, kwa mara ya kwanza tangu siku alipotoka naye hospitali. Mtoto alimshika pua, akaishikilia kama kitu cha ajabu. Bahiya alimficha ndani ya buibui na kutoka. Nje upepo ulimpiga Nasri usoni, akafumba macho, akapiga chafya, na mama yake akatembea upesi kuteremka Bondeni bila kutazama madirisha ya majirani.

*

Raya alikuwa uani anapakua. Mbuzi wawili walikuwa wamelala kivulini, na Ilham alikuwa amekaa karibu nao, anatafuna kamba. Raya aliwaona wakiingia, akaendelea kupakua. Hakusema karibu.

"Sikuja kupatana," alisema Bahiya.

"Mie sikukuita."

"Ameanza kuharisha. Mnyonyeshe."

Upawa ulisimama hewani. Raya aliuweka chini, akanawa, akampokea mtoto, na kabla hajaketi sawasawa Nasri alikuwa ameshapata alichokuwa akikitafuta siku tatu. Alinyonya kwa kukoroma, mkono mmoja umeng'ang'ania kanga. 

Kisha Bahiya akaeleza, akiwa amesimama. Alieleza kwa sauti ya kazini. Mtoto ana mkatamaji tumboni, ametoka humu uani. Maziwa ya Raya yamemlaza, na ni lazima yaendelee kumlaza mpaka tumbo la mtoto lijue kazi hiyo lenyewe. Mwisho wa mwezi Idara itamlinganisha Nasri na mama yake, na chochote kisichopo kwa mama kitafagiwa. Kwa hiyo kila kilichomo ndani ya Nasri lazima kiwemo ndani ya Bahiya kabla ya siku hiyo. Vyote, pamoja na yule. Kuna njia moja tu ya kufanya mdomo wa mtu ufanane na wa mwingine.

Raya aliifikiria habari hiyo. Ilipomwingia alicheka, cheko kavu.

"Kwa hiyo utakula na muuaji."

"Nitakula sinia la muuaji. Kila siku, mpaka nisomwe."

"Na kazini kwako?"

"Kazini nitasema uongo. Huko ndiko nitakakokuwa muongo, siyo kwako. Kwako nasema kweli. Akinifia mikononi mwako, Raya, sijui nitakufanya nini."

"Akifa sitangoja unifanye," alisema Raya, na kwa mara ya kwanza macho yake yalilengwalengwa na machozi, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto. "Na mie nina langu. Sema maji yalichemshwa. Hapa, mbele yangu. Neno hilo tu, basi nitamnyonyesha mpaka aote ndevu."

Bahiya alifungua kinywa. Neno lilikuwa jepesi, na mwanawe alikuwa pale, yuko kwenye ziwa la mwanamke huyu. Mtu mwenye busara angelisema. Lakini chini ya neno hilo palikuwa na asubuhi ile, na paji la uso la Salha chini ya kiganja chake, na joto lake. Akisema maji yalichemshwa, joto litabaki bila mwenyewe isipokuwa yeye.

"Sitasema," alijibu.

Raya alimtazama sana. Ilham alikuja akitambaa, akamshika Bahiya kifundo cha mguu ili asimame, na Bahiya hakumwondoa.

"Basi kaa ule," Raya alisema mwishowe. "Mtoto hana kosa."

Alimhamishia Nasri mkono wa kushoto bila kumtoa kifuani, akavuta sinia katikati ya mkeka kwa nguvu hata mchuzi ukamwagika ukingoni. Ulikuwa wali wa nazi na mchuzi wa mbuzi. Kando yake palikuwa na jagi la maji. Bahiya alinawa, akaketi, akalitazama jagi.

"Yamechemshwa haya?"

"Kunywa ujue," alisema Raya.

Bahiya alimimina gilasi akanywa yote, bila kuondoa macho kwa wifi yake. Raya alimega tonge akala. Akachagua kipande cha nyama, kile kilichonona, cha kupewa mgeni, akakiuma kati, akatafuna. Nusu iliyobaki akaiweka upande wa Bahiya, kama alivyomwekea kaka yake maisha yake yote. Alama za meno zilionekana wazi kwenye nyama, na mate yaking'aa juu yake. Msomaji wa Idara hakuhitaji mashine kujua kilichokuwa pale. Palikuwa na koo zote alizoziona kwenye ramani, na katikati yao, pengine, yule aliyemchukua Salha, amelala.

Nasri aliacha ziwa kidogo akageuza shingo. Mdomo wake ulikuwa umelowa maziwa. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi kunyonya.

Bahiya alikiokota kipande kile kwa vidole vitatu, akakitia kinywani, akatafuna polepole ili kienee kila upande. Nyama ilikuwa imeiva mpaka ndani, ina tangawizi na ndimu. Ilikuwa tamu, na hilo nalo hakumsamehe.